Mpwa wa Mwanasihiri: Juu ya Jina na Sifa ya Mjomba Andrew

Si ada ya kurasa hizi kushughulika na hadithi za watoto. Maneno yanayotufikia aghalabu ni ya benki, ya mahakama, ya kilimo na ya zahanati, na msomaji aliyezizoea huenda akastaajabu kuona tumemkaribisha humu mzee mmoja wa Kiingereza, mrefu, mwembamba, mwenye nywele timtim, ambaye hajapata kuwako duniani. Sababu ni kwamba tulipata kusoma mswada wa tafsiri ya sura kadhaa za kitabu kinachomhusu, kazi ya mwalimu mmoja aliyeikusudia kwa wanafunzi wake, na katika mswada huo, ulioandikwa kwa bidii na kwa Kiswahili kisafi, mzee huyo alitajwa tangu mwanzo hadi mwisho kwa maneno mawili tu: mchawi na mwenye majivuno. Tunaona kwamba maneno yote mawili yamekosea shabaha, na kwamba kosa la kwanza lina hatari iliyo kubwa kuliko upungufu wa sanaa.

Kitabu chenyewe ni The Magician's Nephew cha C. S. Lewis, kilichotolewa mwaka 1955. Ni cha sita kutoka katika mfululizo wa vitabu saba vinavyohusu nchi ya kubuniwa iitwayo Narnia, ingawa kwa mfuatano wa matukio ndicho kitanguliacho vingine vyote. Mtoto Digory Kirke anaishi London katika nyumba ya ndugu wawili wa mama yake, Andrew Ketterley na Letitia Ketterley, kwa kuwa baba yake yuko Bara Hindi na mama yake yu mgonjwa mahututi. Andrew amejifungia chumba cha juu darini, akitengeneza pete kwa vumbi lililotoka katika ulimwengu mwingine. Hana ujasiri wa kwenda huko mwenyewe. Kwanza anawapeleka simbilisi, kisha anamhadaa Polly, mtoto wa jirani, aguse pete ya manjano naye anatoweka, kisha anamlazimisha mpwa wake amfuate. Watoto wanarudi wakiandamana na Jadis, malkia wa mji uliokufa, naye anautia mji wa London ghasia. Mwishowe wote wanajikuta katika nchi mpya inayoumbwa kwa wimbo wa simba, na humo ndimo Mjomba Andrew anapatwa na mambo tutakayoyaeleza baadaye.

Tuanze na ujamaa, kwa kuwa hapa Kiswahili kina faida ambayo mwandishi mwenyewe hakuwa nayo. Neno la Kiingereza analoitwa Andrew halibainishi kama ni ndugu wa baba au ndugu wa mama. Msomaji hulazimika kulitambua hilo kutokana na majina ya ukoo. Kwetu, neno mjomba lasema yote kwa mara moja, na neno mpwa laitika upande wa pili. Mfasiri wetu alipatia hapo. Lakini Letitia amemwita shangazi, na hilo si sahihi hata kidogo, maana dada wa mama hawi shangazi popote Kiswahili kisemwapo. Ni mama mkubwa au mama mdogo, na kwa jinsi bibi huyu anavyoonyeshwa kuwa mtu wa makamo aliyekwisha kuzoea kuendesha nyumba na kumnyamazisha kaka yake, sisi tungechagua mama mkubwa. Jambo hili si dogo. Mwanafunzi atokaye Uluguru au Umakondeni, ambako ukoo hufuata upande wa mama na mjomba huwa na amri na dhima juu ya wapwa, atasoma habari za mjomba anayemtumia mpwa wake kama chambo kwa uchungu ambao mtoto wa Kiingereza hawezi kuujua. Kwa mtoto wa Kiingereza huyu ni jamaa mbaya. Kwa mtoto wa Kiluguru ni mtu aliyeuvunja wadhifa.

Katika kisa cha Aladini, ambacho wasomaji wetu wengi wanakifahamu, yule mtu wa Maghribi hujisingizia kuwa ami yake mtoto, yaani ndugu wa baba aliyekufa, akampa pete na kumteremsha pangoni alimoogopa kuingia mwenyewe. Kisa cha Lewis kina ami huyo huyo aliyegeuzwa mjomba, na tofauti ni kwamba safari hii ujamaa ni wa kweli. Kwa sababu hiyo uovu wake ni mkubwa zaidi, hata kama uwezo wake ni mdogo zaidi.

Sasa tuje kwenye neno mchawi.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea, na mfasiri, katika maelezo aliyoyatanguliza, ametumia methali hiyo kutetea uchaguzi wake. Methali ni nzuri, lakini yasema juu ya mtu mwenye uwezo unaoogopwa, ambaye akipewa dhamana huona haya kuidhuru. Andrew hana haya hiyo, wala hana uwezo huo. Tena, na hili ndilo kubwa, mchawi wa Kiswahili hajitangazi. Uchawi ni jambo ambalo mtu husingiziwa, hushukiwa, hushitakiwa. Hatujapata kusikia mtu aliyesimama mbele ya watoto akasema kwa fahari kwamba yeye ni mchawi na kwamba hilo ndilo lililomtukuza kuliko majirani zake. Andrew hufanya hivyo hasa. Neno la Kiingereza analojiita ni neno la heshima machoni pake: linachukua sifa ya mwanachuoni, ya mnajimu wa kale na ya mwenye siri za vitabu, na wakati huo huo kwa Waingereza wa kawaida ni jina la mtu atoaye sungura katika kofia ili watoto wacheke. Hadithi yote imesimama juu ya pengo lililoko kati ya maana hizo mbili. Ukisema mchawi, pengo limezibwa.

Zaidi ya hayo, Jadis naye ni nani? Huyo aliangamiza kila chenye uhai katika ulimwengu wake kwa neno moja, ili dada yake asimshinde vitani. Kiingereza kinampa jina jingine kabisa, na Jadis mwenyewe anapomtazama Andrew kwa mara ya kwanza humpima usoni na kutambua kwamba hana asili yoyote ya sihiri katika damu yake, ila amejifunza kwa kanuni na vitabu. Katika mswada, malkia huyu ni mchawi na Andrew ni mchawi, na katika ukurasa wanapokutana mchawi amdharau mchawi kwa sababu isiyoeleweka. Wataalamu wa elimu ya mila wanakumbuka kwamba E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake juu ya Waazande kilichotoka mwaka 1937, alitofautisha uchawi wa kuzaliwa nao na ule wa kujifunza kwa madawa na maneno. Kiswahili huita vyote viwili uchawi. Basi mfasiri hana budi kuitafuta tofauti hiyo mahali pengine, la sivyo tukio zima limepotea.

Lakini hata kama lisingepotea, bado tungelipinga neno hili. Katika habari za Andrew yumo mama yake wa ubatizo, Bibi Lefay, aliyemwachia kisanduku chenye vumbi na kumwapisha akiteketeze bila kukifungua. Ni mwanamke mzee, mpweke, aliyekuwa na maarifa ya siri na asiyependwa na watu. Mswada unamwita kikongwe mchawi. Tunamwomba mfasiri alisome tena neno hilo akiwa amekaa katika darasa la Shinyanga au la Geita. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya neno hilo, pengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa mekoni. Sheria ya Uchawi tuliyorithi ya mwaka 1928 yamtia hatiani hata yule amsingiziaye mwenzake uchawi. Hatusemi kwamba hadithi ya kuchekesha itaua mtu. Twasema kwamba neno lenye damu juu yake halipaswi kuwekwa mahali ambapo mwandishi hakuweka damu, na kwamba mtoto anayefundishwa shuleni kuliambatanisha na bibi mzee na kisanduku chake anafundishwa kitu ambacho kitabu hakikusudia kufundisha. Bibi Lefay ana kosa la kuficha kitu cha hatari. Katika habari tunazosimuliwa, ndiye pekee aliyetaka kiteketezwe. Aliyevunja kiapo ni Andrew.

Wengine watapendekeza mganga. Hatuwezi kukubali. Mganga ni mtu wa kuponya, na neno limekwisha kupata makazi mawili ya heshima katika lugha ya serikali: Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari mwenye shahada, na mganga wa tiba asili anatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Dada yake Andrew anakufa katika chumba cha chini, naye darini anatengeneza pete. Hata mara moja hakufikiria kwamba vumbi lake laweza kutafutiwa dawa. Aliyelifikiria ni mtoto. Kumwita mganga ni kumpa sifa aliyoikosa kuliko zote. Mpiga ramli na mnajimu hawafai, kwani hatabiri kitu. Mfanya mazingaombwe hafai kuwa jina lake la kawaida, kwa sababu pete zake ni za kweli. Ila lingefaa sana kinywani mwa Jadis, na twapendekeza awekewe hapo, au pengine aambiwe kwamba kazi yake yote ni viinimacho.

Yabaki sihiri. Kitenzi kusihiri tunacho, na kwa kanuni ya kawaida twaweza kupata msihiri. Tulilipenda neno hili kwa muda, kisha tukaliacha, kwa maana kusihiri ni kumsihiri mtu, kumteka akili, na Andrew katika kitabu chote hakumteka mtu yeyote isipokuwa nafsi yake. Ndipo tukafikiria mwanasihiri, kwa mfano wa mwanasheria na mwanasayansi. Twakiri kwamba ni neno la kutengenezwa, na kwamba tumekwisha kuwalaumu waandishi wengine kwa kuzaa akina mwana- bila uzazi wa mpango. Lakini hapa kasoro ya neno ndiyo sifa yake. Lina harufu ya ofisi, la kibao mlangoni. Ni neno ambalo Andrew angelichagua mwenyewe, maana linamweka sawa na wenye elimu, na anapenda kuyaita mateso ya simbilisi wake kuwa ni majaribio. Mtoto akilisoma litamwia gumu kidogo mara ya kwanza na la kuchekesha mara ya tatu. Tungeandika basi Mpwa wa Mwanasihiri. Msomaji atakayesema kwamba tumejipa uhuru mno akumbuke kwamba Mwalimu Nyerere, alipomfasiri Shakespeare mwaka 1969, hakuandika wafanyabiashara wa Venisi wala matajiri wa Venisi. Aliandika Mabepari wa Venisi, na kwa neno hilo moja akatoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa. Mfasiri wa jina la kitabu hutoa hukumu apende asipende.

Sasa majivuno. Hapa mfasiri hakukosea kwa hatari, bali amechukua chombo cha jumla mahali palipotaka chombo mahususi, na kwa kuwa walimu wengi hufanya vivyo hivyo wanapoeleza tabia za wahusika, tutakaa kidogo.

Kiswahili kina utajiri wa ajabu katika vitenzi vyenye kiambishi -ji- vya namna hii: kujivuna, kujigamba, kujitapa, kujinaki, kujisifu, kujidai, kujikweza, kujishaua, kujiona. Katika vitabu vya mazoezi hupangwa kama visawe, mwanafunzi akaambiwa achague chochote. Si visawe. Kujigamba na kujitapa kwataka wasikilizaji. Mtu hajigambi peke yake chumbani. Tena kujigamba kwaweza kuwa halali: katika sanaa za jadi majigambo ni fani yenye kanuni zake, kama vile vivugo vya Wahaya, na anayesimama kujigamba hutaja ushujaa alioutenda mbele ya watu wanaoweza kumsuta. Andrew hana cha kutaja. Kujishaua ni kwa mwili, kwa mwendo na mavazi. Kujiona ndiko kwa ndani kuliko kote, na ni ajabu kwamba neno hili jepesi, tulitumialo kila siku kusema kwamba fulani anajiona, halihitaji msikilizaji wala mavazi. Lahitaji macho ya mtu mwenyewe tu.

Tazama jinsi Lewis anavyompitisha mhusika wake katika ngazi hizo. Darini, mbele ya Digory, Andrew anajikweza: anadai kwamba kanuni za kutimiza ahadi zimewekwa kwa ajili ya watoto, watumishi, wanawake na watu wa kawaida kwa jumla, na kwamba wenye elimu ya ndani kama yeye hawafungwi nazo. Mtoto kwa kitambo kidogo anavutwa na uzito wa maneno, kisha anakumbuka uso wa mjomba wake Polly alipotoweka, akaona kwamba maana ya hotuba yote ni hii: nikitaka kitu, nitakipata kwa njia yoyote. Jadis baadaye anasema karibu maneno hayo hayo juu ya watawala, nayo kinywani mwake yanatisha. (Watumishi wa serikali miongoni mwa wasomaji wetu wanayafahamu maneno ya aina hii. Sura yake ya Kiswahili ni kauli ya kutendwa: imeonekana vema, imeamuliwa, haikuwezekana. Mfasiri angefanya vizuri kumpa Andrew sentensi za namna hiyo, zisizo na mtenda.) Kisha, akiwa ameondoka mbele ya Jadis aliyekuwa amemtia hofu, mzee huyu anakunywa pombe kali, anavaa koti lake refu la sherehe na kola ngumu, anatia miwani ya jicho moja, anajitazama katika kioo, na hofu yote imekwisha kumtoka: anadhani malkia yule atampenda. Hapo ni mmalidadi, anajishaua, lakini zaidi ya yote anajiona, na kioo kimewekwa hapo makusudi.

Kwa hali hii Kiswahili kina nomino ambayo tumeiachia washairi na masheikh, nayo ni ghururi. Asili yake ni Kiarabu, kutoka shina lenye maana ya kudanganya, na katika Kiswahili lina sura mbili kwa pamoja: majivuno na udanganyifu. Mwenye ghururi anajivuna kwa sababu amedanganyika, na aliyemdanganya hayuko mbali. Walinganishe na kiburi, ambacho nacho ni cha Kiarabu, kutoka shina la ukubwa. Mwenye kiburi aweza kuwa mkubwa kweli, na kosa lake likawa ni kuutumia ukubwa huo kuwakanyaga wengine. Jadis ana kiburi. Andrew ana ghururi. Mwalimu anayeandika maneno hayo mawili ubaoni, kila moja chini ya jina lake, amekwisha kufundisha nusu ya kitabu.

Na kama anataka la tatu, amchukue yule bwana wa Oz katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900. Huyo naye ni mwenye miujiza wa uongo, aliyekuwa mpanda puto wa sarakasi, akatawala mji mzima kwa vitisho vya karatasi na sauti. Anapofichuliwa anakiri mara moja, karibu kwa furaha, kwamba ni laghai. Alijijua siku zote. Hana ghururi hata chembe, na kwa sababu hiyo twampenda, ingawa amewadanganya watu wengi kuliko Andrew.

Twapendekeza basi kwamba ghururi ipokewe kama istilahi ya uhakiki na ya ufundishaji wa fasihi, kwa maana ya hali ya mtu kujidanganya juu ya cheo na thamani yake mwenyewe. Hatupendekezi iingizwe katika matini ya watoto. Huko vitendo vyatosha. Istilahi ni kwa ajili ya yule anayeeleza, na wengi wa watafsiri wetu husahau mpaka huo, wakajaza hadithi maneno yaliyokusudiwa kwa maelezo.

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote, na ambayo mswada umeikata kwa kuihesabu kuwa haina tukio, ni ile ya Andrew na wimbo. Simba anaimba, na nchi inachipuka kwa sauti yake. Watoto wanasikia, hata mwendesha gari la farasi aliyechukuliwa pamoja nao bila kutaka anasikia. Andrew naye anasikia mwanzoni, na hakupenda alichosikia, kwa kuwa kilimfanya ajisikie mambo asiyotaka kuyajua. Alipoona kwamba mwimbaji ni simba, akajiambia kwa nguvu zote kwamba simba haimbi, simba hunguruma. Na kwa kujiambia hivyo muda mrefu akafika mahali asisikie ila ngurumo. Wanyama walipoanza kusema, akasikia mibweko na milio tu.

Mfasiri anaweza kudhani kwamba hapa pana fikira ya kigeni inayotaka maelezo marefu. Kinyume chake, Kiswahili kimelifunga wazo lote ndani ya kitenzi kimoja. Tunasema mtu amejifanya mjinga, tukimaanisha kwamba anasingizia. Lakini neno lenyewe lasema kwamba amejifanya, yaani ameishika nafsi yake kama fundi ashikavyo udongo na kuifanya kuwa mjinga. Maana ya kwanza ni ya mwanzo wa kisa cha Andrew, na ya pili ni ya mwisho wake, na kitenzi hakikubadilika hata silabi moja. Andika kwamba alijifanya hasikii, kisha kurasa mbili mbele andika kwamba alikuwa amejifanya asisikie. Msomaji mwangalifu atashtuka, na asiye mwangalifu atapita bila madhara. Kwa Kiingereza mwandishi alihitaji sentensi nzima ya maonyo kulieleza jambo hilo. Kwetu sarufi imelitimiza. Vivyo hivyo kujitia hamnazo na kujitia uziwi: mtu hujitia kitu kama atiavyo kitu mfukoni, na kuna vitu vikiisha kutiwa havitoki.

Kuna mahali pengine ambapo sarufi yetu yamzidi mwandishi. Wanyama wa Narnia, wakiwa wapya duniani, wanamkuta Andrew amezimia kwa hofu, wanajadiliana ni kitu gani. Mbwa mmoja anashikilia kwamba ni mnyama. Wengi wanaona kuwa ni mti, nao wanampanda ardhini na tembo anamwagilia maji. Mswada unawapa wote neno hiki kitu, na mjadala umelala. Lakini Kiswahili hakimruhusu mtu kutaja jambo bila kuliweka katika ngeli! Atakayesema huu amekwisha kuamua kuwa ni mti, na atakayesema huyu amekwisha kuamua kuwa una roho, naam, kuwa ana roho. Mjadala mzima waweza kuendeshwa kwa viashiria na viambishi tu, huyu na huu na hiki vikigongana katika kila sentensi, na mtoto wa darasa la nne atacheka kwa kuwa jana yake alisahihishwa kosa hilo hilo katika daftari. Waalimu wanaolalamika kwamba upatanisho wa kisarufi haufundishiki kwa furaha wangepata hapa somo la siku mbili.

Na mfasiri akitaka kwenda mbali zaidi, aanze mapema. Andrew anapowataja simbilisi wake, ambao baadhi walikufa na baadhi walilipuka, apewe ngeli ya ki-vi, aseme kwamba vilikufa, kwani alivinunua kwa fedha yake na kwa maoni yake hiyo ndiyo kazi ya vitu hivyo. Digory, aliyepata kufuga simbilisi, ajibu kwamba walikufa. Mtoto na mzee watakuwa wametofautiana kwa kiambishi kimoja. Kisha sura nyingi baadaye, wanyama wakimwita yeye huu, wakimwaga maji juu ya kichwa chake na kumrushia njugu, msomaji atakuwa ameshuhudia deni likilipwa kwa fedha ile ile.

Kuhusu mipango yake ya biashara tutapita upesi. Alipoona kwamba chuma kilichoanguka katika ardhi ile changa kimechipua nguzo ya taa, jambo la kwanza alilolifikiria ni vyuma chakavu: kuvizika huko na kuvuna vichwa vya treni na manowari bila gharama, na kwanza kabisa simba yule apigwe risasi. Mswada umeifasiri sehemu hii vizuri sana, na hatuna la kuongeza isipokuwa kwamba manowari ni meli ya vita, si meli yoyote kubwa.

Twamalizia kwa aya moja iliyoachwa nje. Mwishoni Andrew amerudishwa nyumbani, amezeeka, anaishi mashambani na jamaa yake, na hajagusa tena sihiri. Hata hivyo hupenda kuwachukua wageni kando na kuwasimulia juu ya bibi mmoja wa kifalme, wa nchi za nje, aliyemtembeza mwenyewe mjini London; alikuwa na hasira za kishetani, lakini mwanamke mzuri kwelikweli. Mfasiri aliiondoa aya hiyo akieleza pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba haifai kwa watoto na kwamba mzee alikwisha kutubu. Mzee hakutubu. Alitishika, akapoa, na alipopoa akakitafuta kioo chake na kukikuta mahali alipokiacha. Aya irudishwe, na sentensi yake ya mwisho ianze na neno anajiona.